Kijiji cha Mama Nacho Kina Jina

Vakansi kubwa inakaribia. Watoto watarudi na buletini zao, watafurahi siku tatu, na wiki ya pili wataanza kuzunguka kiwanja wakiuliza: "Mama, sisi tutaenda wapi?" Kabla ya kujibu kwamba franka hakuna, chukueni kwanza karatasi moja ya nyumbani, kama fishi ya shule, kadi ya uchaguzi ya baba, au karatasi yoyote ya serikali inayotaja asili ya mtu. Mara nyingi mtakuta mistari ileile: kijiji, grupema, sekta au sheferi, teritware, jimbo. Muiteni mtoto mkubwa, mumuulize, "Kijiji chako ni kipi?" Atasoma kilichoandikwa. Halafu muulizeni, "Pale anakaa nani? Wanapika nini? Babu yako alizikwa upande gani?" Wengi watanyamaza.

Kisha ulizeni swali la tatu: "Na mama yako, kijiji chake ni kipi?" Hapo mtoto hana hata pa kusoma. Kijiji kinachoandikwa kwenye mistari ile kwa kawaida ni cha baba. Mwanamke ambaye alibeba mimba, akazaa na kulea, kijiji chake hakina mstari.

Wazee wetu wa mtoni walikuwa na nafasi ya kuweka kijiji hicho. Waliiweka kwenye lokole, ngoma ile ya mti iliyochimbwa ndani, yenye sauti ya juu upande mmoja na sauti ya chini upande mwingine. Misionari mmoja Mwingereza wa Yakusu, John Carrington, alijifunza kuipiga na kuielewa, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Alieleza kwamba kwa Walokele kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, na jina hilo lilikuwa na sehemu tatu: jina lake mwenyewe, jina la baba yake, na kijiji cha mama yake. Kwa hiyo mtu akiwa shambani au ng'ambo ya mto, akiitwa na lokole kwa habari ya kilio au ya mgeni, aliitwa pamoja na kijiji cha mama yake. Mto mzima ulisikia kwamba mtu huyu ana pande mbili.

Juma hili ninataka tuzungumze juu ya safari ya kijiji tukiwa na jambo hilo kichwani. Tukipata nafasi ya kumpeleka mtoto kwa wazee wake, tusimpeleke upande mmoja tu. Na kama nguvu ya kufika pande zote mbili haipo, basi angalau mtoto ayajue majina ya upande wa pili.

Wengine watasema mambo haya ni ya zamani, mtoto wa Mangobo anahitaji Kifaransa na kompyuta. Lakini tumeona wenyewe. Tangu mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ng'ambo ya mto upande wa Lubunga, uligeuka damu. Nyumba zilichomwa na familia nyingi zilikimbilia mjini. Kati ya waliokimbia walikuwemo watoto ambao baba yao ni wa upande mmoja na mama yao wa upande mwingine. Mtoto wa namna hiyo, ukimwambia kwamba yeye ni wa kijiji kimoja tu, siku ya ugomvi utakuwa umemwambia kwamba bibi yake ni adui. Mtoto aliyekula kwa bibi huyo, aliyelala kwenye mkeka wake na kuvua samaki na watoto wa mjomba wake, ni vigumu kumdanganya. Mjomba, yule tunayemwita noko, si jina la kabila kwake. Ni mtu aliyemchongea kasia.

Sasa tuje kwenye matayarisho. Safari inaanza nyumbani, wiki nyingi kabla ya kufika libongo, na inaanza kwa daftari. Andikeni jina la mtoto, jina la mama yake na baba yake, majina ya bibi wawili na babu wawili. Hao wengi wetu tunawajua. Pandeni ngazi moja: mama za bibi hao wawili na mama za babu hao wawili. Ni wanawake wanne. Jaribuni kuandika majina yao na vijiji walivyozaliwa kabla ya kuolewa. Katika kikundi cha wamama ishirini, mtashangaa ni wangapi wataacha mistari mitupu. Mwanamke aliolewa akaenda kijiji cha mume, watoto wakamwita Mama Fulani kwa jina la mtoto wa kwanza, na alipokufa jina lake mwenyewe likabaki kwa dada zake tu. Dada hao nao wamezeeka. Ndiyo sababu haifai kusema tutauliza mwaka kesho.

Mnapomuuliza mzee, msimuulize kama polisi. Kaeni naye akisafisha pondu au akichambua mchele. Msianze na miaka, maana wazee wengi hawahesabu kwa miaka. Ulizeni kwa matukio: "Ulikuwa umeshaolewa wakati wa Mulele?" Kama alikuwa msichana mdogo Wasimba walipoingia mjini, hiyo ni Agosti 1964. Kama alibeba mtoto mgongoni wakati askari wa miavuli waliposhuka, hiyo ni Novemba mwaka uleule. "Mtoto huyu alizaliwa kabla ya Mobutu kuondoa majina ya kizungu au baada?" Hapo mtakuwa karibu na mwaka 1972. Kwa njia hiyo mtapata mwaka bila kumchosha mzee.

Angalieni pia majina ya mahali, maana karatasi za zamani zina majina ambayo watoto wetu hawayajui. Stanleyville ni Kisangani yetu. Ponthierville ni Ubundu, kule mwisho wa reli ya kilometa 125 inayozunguka maporomoko. Elisabetha ni Lokutu, katika teritware ya Basoko, penye mashamba ya mawese. Kama kadi ya babu inasema "Elisabetha", msikimbilie kusema hicho ndicho kijiji chake. Kampuni ya mawese ilileta wafanyakazi kutoka vijiji vingi. Vilevile Yangambi: tangu Wabelgiji walipofungua pale kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1933, watu wa kila upande walikwenda kufanya kazi, wakazaa watoto kambini. Mtu anaweza kuzaliwa Yangambi na kijiji chake kikawa mbali sana. Ulizeni maswali mawili tofauti: alizaliwa wapi, na mama yake alitoka wapi.

Kuna daftari lingine ambalo wamama wengi hawalifikirii, yaani kitabu cha ubatizo. Wakatoliki wako hapa tangu Padri Gabriel Grison alipofika Krismasi ya mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Wabatisti walikuwa wameanza Yakusu kabla ya hapo. Kanisa Katoliki linapombatiza mtoto huandika jina la baba, jina la mama na jina la msimamizi. Kumbe jina la mama ambalo halina nafasi kwenye fishi linaweza kuwa limekaa kimya kanisani miaka yote hii. Nendeni parokia ambako bibi alibatizwa, mkasalimie kwa heshima, mkaeleze shida, mkapange siku ya kurudi. Vita vimeharibu mengi katika jimbo letu, na si kila kitabu kimebaki. Lakini kuuliza ni bure.

Hamtakuwa peke yenu katika kazi hii. Huko Ulaya, katika milima ya Karpati, kuna watu wanaoitwa Warusini. Mwishoni mwa karne ya 19 wengi wao walihamia Marekani kufanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Leo wajukuu zao wanarudi na majina yaliyoandikwa kwenye karatasi, wanatafuta vijiji vya wazee wao katika nchi za Slovakia, Poland na Ukraine, na wanafungua vitabu vya kanisa kama hivi ninavyosema. Wengine wanafika na kukuta kijiji hakipo tena. Upande wa Poland, mwaka 1947 serikali iliwahamisha watu wa milima ile kwa nguvu, na katika vijiji vingine wajukuu wanakuta makaburi na miti ya matunda tu.

Nasi tunalo jambo la namna hiyo. Wakati wa Wabelgiji vijiji vingi vilitolewa msituni na kupangwa kando ya barabara, ili iwe rahisi kuhesabu watu, kudai kodi na kuwapima ugonjwa wa malale. Kwa hiyo kijiji mtakachofikia leo huenda si pale bibi wa bibi alipozaliwa. Waombeni wazee wawaonyeshe mahame, pale kijiji kilipokuwa zamani. Mtapajua kwa michikichi mizee na miti iliyopandwa na mtu. Mwacheni mtoto asimame pale dakika chache. Wazee wenyewe watamwambia ni nani alikaa wapi.

Lazima niseme pia jambo zito. Mkichimba upande wa wamama, mtakuta mengine yasiyopendeza. Kiswahili hiki ninachoandikia kilifika hapa na misafara ya watu wa pwani na wa Maniema, na mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe alifanywa gavana wa hapa Falls. Misafara ile ilichukua watu, na wanawake na watoto walikuwa wengi kati yao. Familia nyingine za mji huu zina bibi wa mwanzo ambaye hakuja kwa kuolewa, alikuja kwa kukamatwa, na kijiji chake hakijulikani. Familia nyingine zina bibi aliyetolewa kulipa deni la ukoo. Wengine walipotea msituni mwaka 1964 na hawana kaburi. Mtoto akiuliza, mama asione haya wala asimtungie hadithi ya uongo. Amwambie kwa maneno ya umri wake: "Bibi yetu huyu alitekwa, kijiji chake hatukijui, jina alilobaki nalo ni hili." Jina hilo liandikwe kwenye daftari pamoja na mengine. Na mwenye bibi wa namna hiyo asichekwe katika kikundi. Aibu ni ya aliyemkamata.

Tuongee na hofu. Wamama wengi wananiambia: "Kijijini watamroga mtoto wangu." Siwezi kucheka hofu ya mama. Lakini tuangalie inavyoanza. Mtu anakaa mjini miaka kumi na tano, haendi kwenye kilio, hatumi hata kipande cha sabuni, halafu anafika na watoto wenye viatu vizuri. Maneno yatakuwepo, na maneno hayo yanaumiza. Dawa yake ni kutuma habari mapema, kwenda kwanza kuwapa pole wafiwa wa siku zote ulizokosa, na kukaa chini kula na watu. Na kama mtoto akipata homa kule, ni mbu kabla ya kuwa mtu. Mpelekeni kwenye kituo cha afya akapimwe malaria siku hiyohiyo. Msikubali mtoto yeyote, wa kwenu au wa kijiji, aitwe ndoki kwa sababu mwingine ameugua. Tukitoka mjini kwenda kutafuta undugu, tusirudi tumeacha mtoto amefukuzwa.

Kuna hofu nyingine ambayo baba hawaitaji kwa sauti: mahari. Baba mwingine anakataa watoto wasiende kwa wakwe kwa sababu anajua kilichobaki hakijalipwa, na ataulizwa mbele ya watu. Mama, usimpigie kelele. Mnaweza kumtuma shangazi au kaka mkubwa mbele, akapeleke salamu na kitu kidogo, akaseme waziwazi kwamba watoto wanakuja kumsalimia bibi na mazungumzo ya mahari yatapangiwa siku yake. Wazee wengi hawatamzuia mjukuu mlangoni. Kinachowaudhi ni kunyamaziwa.

Safari yenyewe inategemea upande. Watu wa Isangi, Walokele, Watopoke na wengine, watashuka mto kupita Yakusu na Yangambi. Watu wa Opala wana njia yao ya ng'ambo, na watu wa Ubundu yao. Kwa upande huo wa Lubunga, ulizeni habari za usalama kwa ndugu walioko kule na kwa wanaosafiri njia hiyo kila wiki, si kwa watu wa sokoni tu. Kama njia haijatulia, msiende mwaka huu.

Kwa wanaopita mtoni, ninawaomba kama mama: mto wetu unaua. Usipande balenyeri iliyojaa mpaka maji yako karibu na ukingo. Ukiona mizigo na watu wamepanda juu ya mizigo, shuka, hata kama umeshalipa. Kusafiri usiku serikali imekataza mara nyingi, na wenye moteri wanaendelea. Wewe usiwafuate. Vesti ya kuokoa maisha kwa kila mtoto ni mzigo wa kwanza kuutafuta, kabla ya nguo mpya. Mkiweza, vikundi vinunue vesti chache ziwe za kikundi, familia zikiazimana kwa zamu. Chukueni pia chandarua, chumvi ya maji ya kuhara, na karatasi za chanjo. Waambieni watoto wasiguse mnyama aliyekutwa amekufa msituni, wala nyani aliye mgonjwa, maana mpox iko katika jimbo letu.

Kwa wazee pelekeni vitu vinavyohitajika kule: chumvi, sabuni, viberiti, kitenge kwa bibi. Msipeleke kelele za mjini. Mtoto ajifunze salamu ya lugha ya bibi kabla ya kufika, hata maneno matano tu. Ajue kupokea kwa mikono miwili. Akipewa lituma na samaki, ale. Asiseme mbele za watu kwamba choo kinanuka. Na simu, kama ipo, itumike kurekodi sauti ya bibi akitaja majina, kwa ruhusa yake. Picha ya bibi ni nzuri, lakini sauti yake akisema majina ya mama zake ni urithi ambao hakuna ndugu atakayeugombania.

Jambo moja la mwisho juu ya mwenendo: msianze kuuliza mipaka ya shamba siku ya kwanza. Watu wa kijiji wameshaona wengi wanaokuja kutafuta ardhi wakisema wanatafuta undugu. Kama kuna haki ya shamba, ina baraza lake na wakati wake.

Najua wengi hamtakwenda. Nauli ya mama na watoto wanne si mchezo, na likelemba ya mwezi huu imeshakuwa na kazi. Kuna njia tatu. Ya kwanza, kikundi kianzishe likelemba ya safari, familia moja kila vakansi, kwa kura. Ya pili, apelekwe mtoto mmoja pamoja na shangazi anayekwenda kufanya biashara, na akirudi awafundishe wadogo zake. Ya tatu ni ya bure: Mangobo yenyewe imejaa wazee wa vijiji vyetu. Tafuteni koko mmoja wa kijiji cha mama yenu, hata kama si wa ukoo wenu, mmpelekee mtoto jioni moja na kilo ya chumvi. Atajua mengi ya huko kuliko fishi yoyote.

Kwa mkutano wa juma lijalo, kila mama aje na karatasi moja kwa kila mtoto. Iandikwe kama wazee walivyopiga lokole: jina la mtoto, jina la baba yake, kijiji cha mama yake. Chini yake muandike wale wanawake wanne, au mahali patupu pa wale wasiojulikana. Tutazisoma kwa sauti, na watoto waje wasikilize. Wenye mistari mitupu tutawatafutia mzee wa kuwasaidia kabla shule hazijafunguliwa Septemba.